Manute Bol: mlinzi wa watu

Nimekulia Ujiji, na kwa urefu wangu kila mtu aliniambia nicheze kikapu. Ndiyo maana jina la Manute Bol nililijua mapema.

Alikuwa Mdinka wa Turalei, sasa Sudan Kusini, mwenye urefu wa mita 2.31. Mwaka 1985 Washington Bullets walimchukua, na msimu wake wa kwanza tu alipiga bloku 397, akaongoza NBA nzima. Hadi anaacha ligi hiyo alikuwa na bloku 2,086, lakini pointi 1,599 tu. Yaani kazi yake ilikuwa kulinda.

Nje ya uwanja ilikuwa hivyohivyo. Vita vya kwao vilimaliza hela zake, kwa sababu alizipeleka kwa ndugu zake na wakimbizi. Mwaka 2002 akapanda hata ulingoni kupigana ngumi ili achangishe. Alifariki Juni 2010 akiwa na miaka 47, bado anahangaikia kujenga shule Turalei.

Hosteli kuna wana wanasema alikuwa mjinga kufa bila mali. Mimi nimeona wakimbizi wakishuka kwenye boti Kigoma, na siwezi kukubaliana nao.