Maisha ya Dian Fossey, Mchunguzi wa Gorila

Dian Fossey alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 katika mji wa San Francisco, Marekani. Tangu utoto alipenda wanyama, akaingia chuo akitaka kuwa mganga wao. Lakini fizikia na kemia zilimshinda, akajifunza kazi ya kuwasaidia wagonjwa na walemavu wapate kutumia viungo vyao. Kushindwa huko hakukumzuia kufika mbali.

Mwaka wa 1963 alikopa fedha akaja Afrika Mashariki. Huko Olduvai, Tanganyika, alionana na Daktari Louis Leakey, mtafutaji wa mifupa ya watu wa kale. Baadaye Leakey alimchagua kwenda kuchunguza gorila wa milimani, ambao sisi Wanyarwanda huwaita ingagi. Mwanzo wa 1967 alipiga hema Kabara, Kongo, lakini kwa ajili ya machafuko ikambidi kukimbia. Hata hivyo, tarehe 24 Septemba mwaka ule ule alianzisha kambi upande wa Rwanda, kati ya mlima Karisimbi na mlima Bisoke. Akaunganisha majina hayo, akaiita Karisoke.

Silaha yake ilikuwa subira. Aliketi matopeni na mvuani, akaiga sauti zao na namna yao ya kula majani, hata wakamzoea. Kila mmoja alimtambua kwa mikunjo ya pua. Hivyo watu waliodhani kwamba gorila ni wakali tu wakajua kuwa ni wapole, wenye kutunza watoto wao. Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpa shahada ya udaktari.

Siku ya mwisho ya 1977 majangili walimwua Digit, gorila aliyempenda sana. Mwaka uliofuata Fossey alianzisha mfuko wa fedha kwa jina la Digit. Alipambana na majangili kwa ukali, na ukali huo ukamfarakanisha na wenyeji wengi wa kandokando ya msitu. Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985 aliuawa ndani ya nyumba yake kambini. Alizikwa Karisoke, karibu na Digit.

Mfuko ule sasa una jina lake. Mwaka wa 2022 ulifungua kituo kikubwa Kinigi, wilaya ya Musanze, ambapo wanafunzi wa biolojia wa Chuo Kikuu cha Rwanda hufundishwa uchunguzi wa viumbe. Gorila wa milima ya Virunga, waliokuwa kama 250 mnamo 1981, walifika 604 katika hesabu ya 2015 na 2016.

Nadhani heshima hii yashinda sanamu ya mawe. Sanamu haifundishi mtu, bali mwanafunzi aliyefunzwa vema aweza kuwa mwalimu wa wengi. Fossey aliwaelewa gorila, lakini hakuwavuta majirani zao. Mwalimu aliyezaliwa hapa, anayesema nao kwa lugha yao, aweza kuwavuta. Wenzangu mnaopenda biolojia, kazi hiyo inawangoja.