Lanchester: Mhandisi aliyelipima gari kwa hatua za mtembea kwa miguu

Na Mwandishi Wetu

ABIRIA aliyewahi kusafiri kutoka Tarime mjini kwenda Nyamwaga ndani ya gari lenye shokapu zilizokufa hahitaji kuelezwa tatizo lililomkabili Frederick Lanchester wa Uingereza zaidi ya karne moja iliyopita. Springi huupokea mshtuko wa shimo, lakini haziumalizi.

Lanchester alizaliwa London Oktoba 23, 1868. Alisomea uhandisi jijini humo, akaondoka bila shahada na kuajiriwa katika kiwanda cha injini za gesi mjini Birmingham. Mwaka 1896 gari lake la kwanza liliingia barabarani. Mwaka 1899 ilianzishwa kampuni yenye jina lake, na ndugu zake, George na Frank, walikuwa naye.

Wakati watengenezaji wengi waliazima springi za magari ya farasi, yeye alianza na mwili wa binadamu. Kichwa cha mtu anayetembea hupanda na kushuka kwa kila hatua, na mtu huyo haumwi. Basi aliweka springi ndefu na laini, ambazo mchezo wake ulikaribiana na mwendo huo wa hatua. Ni wazo jepesi, ila hakuna aliyelifikiria kwa umakini kama yeye.

Wengine walitafuta dawa kwingine. Mfaransa Truffault alibuni kizuizi cha msuguano, ambacho Edward Hartford alikitengeneza Marekani kuanzia mwaka 1904. Kilikuwa na mikono miwili iliyokutana kwenye diski zilizobanwa na springi ndogo, na ubano huo ulirekebishwa kwa nati. Fundi alipokaza mno, springi kuu hazikucheza na gurudumu liliruka. Alipolegeza mno, gari liliyumba kama mashua.

Lanchester naye alikumbana na kanuni hiyo ndani ya injini. Baada ya kuwa mshauri wa kampuni ya Daimler mwaka 1909, alishughulikia mtetemo wa krenkshafti za injini za silinda sita kwa kufunga gurudumu dogo zito lililoshikwa kwa msuguano. Likibanwa sana huzunguka kama sehemu ya krenkshafti yenyewe. Likiachwa huru sana halizuii chochote. Kifaa hicho kinaitwa kwa jina lake hadi leo.

Fedha, hata hivyo, hazikumfuata. Kampuni yake, iliyoanza na mtaji mdogo, iliwekwa chini ya mfilisi mwaka 1904, ingawa ilifufuliwa. Hataza yake ya breki za diski ya mwaka 1902 ilitangulia mno wakati wake. Heshima ilikuja mwaka 1922, alipochaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Uzeeni, huku maradhi yakimwandama na macho yakififia, alihitaji msaada wa wenzake wa sekta ya magari ili aendelee kuishi katika nyumba yake mjini Birmingham. Alifariki dunia Machi 8, 1946, akiwa na umri wa miaka 77.