Jean Cavaillès: Profesa aliyeandika kitabu cha falsafa ya hesabu gerezani, akazikwa bila jina

Kaburi lake halikuwa na jina. Liliandikwa tu Asiyejulikana Namba 5, katika mji wa Arras, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1944. Aliyelala humo alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Sorbonne, Paris, na maisha yake yote ya usomi alikuwa anafuatilia swali moja: uhakika wa hesabu unatoka wapi?

Jina lake Jean Cavaillès. Alizaliwa 1903, mtoto wa ofisa wa jeshi. Mwaka 1923 aliingia École normale supérieure, chuo ambacho kuingia tu ni kazi, akiwa wa kwanza kwenye mtihani.

Utafiti wake ulihusu historia ya nadharia ya seti. Usikimbie, ni rahisi kuliko jina lake. Chukua namba 1, 2, 3 na kuendelea, haziishi. Sasa chukua shufwa peke yake: 2, 4, 6. Utadhani ni nusu ya zile za kwanza. Kumbe kila namba inapata shufwa yake: 1 na 2, 2 na 4, 3 na 6, hakuna inayokosa mwenzake. Zinalingana! Lakini nukta zilizo kwenye mstari zinagoma. Mwaka 1873 Mjerumani Georg Cantor alithibitisha kwamba ukijaribu kuzipanga hivyo, lazima nyingine zibaki. Yaani hata kati ya vitu visivyo na mwisho, kuna vinavyozidi vingine.

Mambo hayo Cantor aliyajadili kwa barua na Richard Dedekind. Barua hizo Cavaillès alizichapisha 1937, kazi aliyoifanya pamoja na Emmy Noether, mwanahisabati Myahudi aliyefukuzwa na Wanazi chuoni Göttingen mwaka 1933. Noether hakukiona kitabu. Alifia Marekani 1935.

Kwa kusoma kazi za watu hao, Cavaillès aliona kitu. Hesabu si jengo lililokamilika zamani. Jibu la leo linazaa tatizo la kesho, na hakuna anayeweza kutabiri hatua inayofuata. Ila ikishakuja, unaona haikuwa na njia nyingine. Februari 1939 alilijadili suala hilo mbele ya wanafalsafa wa Paris, yeye na mwenzake Albert Lautman. Wote wawili walikuja kupigwa risasi na Wajerumani mwaka 1944.

Vita ilipoanza alienda jeshini, akatekwa 1940, akatoroka. Akarudi kufundisha, huku kwa siri yeye, Lucie Aubrac na Emmanuel d'Astier wakianzisha kundi la Libération-Sud la kupinga uvamizi. Baadaye akaunda mtandao wake wa kijasusi, Cohors.

Septemba 1942 alikamatwa kusini mwa nchi akitafuta njia ya kwenda Uingereza. Hapo ndipo kwangu stori inakuwa nzito: akiwa mahabusu Montpellier, jamaa akakaa kuandika kitabu cha mantiki. Si kumbukumbu za gerezani, wala si wosia. Ni kurasa ngumu kweli za kubishana na Kant na Husserl, akidai kwamba sayansi inasukumwa na dhana zenyewe, si na fahamu ya mtu anayezifikiria.

Desemba akatoroka tena. Mwanzoni mwa 1943 alikuwa London, akaonana na Jenerali de Gaulle. Huko alimweleza rafiki yake Raymond Aron kwamba mapambano yale yalikuwa ya lazima, kwa namna ileile ambayo hatua za hesabu ni za lazima.

Angeweza kubaki London. Akarudi. Aliingia hadi kwenye kituo cha nyambizi za Wajerumani, Lorient, akiwa amevaa kama fundi. Agosti 1943 walimkamata Paris, wakamtesa, na mapema 1944 wakampiga risasi. Alikuwa na miaka 40.

Baada ya vita mwili wake ulitambuliwa, na sasa amelala katika kanisa la Sorbonne. Muswada aliuacha bila jina; marafiki zake Georges Canguilhem na Charles Ehresmann wakautafutia jina na kuuchapisha 1947. Dada yake, Gabrielle Ferrières, akaandika maisha yake.

Na kama umewahi kuona filamu ya Jean-Pierre Melville ya 1969, L'Armée des ombres, yule msomi mpole Luc Jardie amechukuliwa kwa sehemu kutoka kwake. Vitabu vya Jardie vinavyoonyeshwa mle vina majina ya vitabu vya Cavaillès.