Bwana afya aliyewafungulia wengine milango ya vyuo

Kila mara matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yatangazwapo, ofisi za walimu hujaa vijana walioinamisha vichwa. Hawakufeli. Wamekosa kozi waliyoitamani, au mzazi amekwisha kusema kwamba karo ya chuo walichokitaka haipatikani. Vijana hao mimi huwasimulia habari za Hayati Tom Mboya.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake, mwenyeji wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa mnyapara. Alisoma Yala, kisha Mang'u. Akili alikuwa nazo, lakini mshahara wa mnyapara una mipaka, na wadogo zake nao walihitaji kusoma. Akaiacha Mang'u kabla ya kuufikia mtihani wa mwisho.

Mnamo 1948 alichagua mafunzo yaliyompa mwanafunzi posho badala ya kumdai karo: ukaguzi wa afya, katika Shule ya Jeanes, Kabete. Sidhani kama kuna mvulana wa Mang'u aliyelala akiota kukagua vyoo na kupima maziwa. Hata hivyo, Mboya aliisoma kazi hiyo kwa moyo, na wenzake wakamchagua kuwa kiongozi wa baraza la wanafunzi.

Alipoajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mnamo 1951, aligundua kwamba mkaguzi Mwafrika alilipwa takriban sehemu moja kwa tano ya mshahara wa Mzungu wa kazi iyo hiyo. Siku moja mwanamke wa Kizungu aliingia na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamwona Mboya akiwa peke yake chumbani, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu! Ni katika ubwana afya huo, wala si katika ukumbi wa chuo kikuu, ndimo alimoingilia uongozi wa wafanyakazi. Kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyao.

Alipopata ufadhili mnamo 1955, alikwenda Chuo cha Ruskin, mjini Oxford, kilichoanzishwa mwaka wa 1899 kwa ajili ya watu wazima waliotoka kazini bila vyeti vingi. Huko alisomea siasa, uchumi na mahusiano ya viwandani, yaani mambo yale yale aliyokuwa akipambana nayo Nairobi. Alirejea mwaka uliofuata, na mnamo 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Mwalimu mwenzangu hunikosoa kwamba Mboya alikuwa na kipawa cha nadra, na kwamba siku zile kazi hazikuwa adimu kama leo. Ni kweli. Sidai kwamba kila bwana afya atakuwa waziri. Nisemalo ni kwamba hakuichukulia Kabete kuwa hukumu ya maisha, wala hakukaa akiililia Mang'u.

Mnamo Septemba 1959 vijana 81 walipanda ndege Nairobi kwenda vyuo vya Marekani, kwa mpango aliouanzisha pamoja na marafiki zake wa huko, akiwamo mchezaji Jackie Robinson. Mwaka wa 1960 Wangari Maathai alisafiri kwa mpango uo huo. Wengi wao walirudi na shahada. Mboya, hadi alipopigwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38, hakuwahi kupata shahada ya kusomea.