Mackay, Mzungu wa Kazi: fundi wa bunduki za Mutesa

Watu wengi wa huku kwetu wanajua jina la Stanley, juu alipita katika pori la Ituri na kufika ziwa Albert. Lakini fundi mwenye alimpokea Stanley na watu wake walipotoka kwetu mwaka 1889, wamechoka na nguo zimekuwa matambara, wachache wanamjua. Anaitwa Alexander Mackay. Hakuwa mkubwa wa jeshi, hakuwa mfanyabiashara wa pembe. Alikuwa mmisionari, na alikuwa mtu wa nyundo. Nyundo yake ilitengeneza mambo mengi mazuri, na ilitengeneza bunduki pia. Kwa sababu hiyo maisha yake yanatuhusu sisi watu wa shimo na wa chuma.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kule Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji na alimfundisha mwenyewe nyumbani. Baba alitaka vitabu, lakini mtoto alipenda kusimama kwa mfua chuma na kwa kinu cha kusaga, kuangalia namna kitu kinatembea. Alisoma ualimu Edinburgh, kisha uinjenieri. Mwaka 1873 akaenda Berlin, akafanya kazi katika kampuni ya mashini, kuchora na kusimamia mashini za mvuke. Mshahara ulikuwa mzuri.

Mwaka 1875 barua ya Stanley ilitoka katika gazeti la London. Ilisema kwamba Mutesa, Kabaka wa Buganda, anapenda kupokea wamisionari, lakini wawe watu wenye kujua kazi ya mikono: kujenga, kulima, kuponya. Mackay akajitoa. Aprili 1876 akapanda meli, na mwezi wa tano akafika Zanzibar. Alikuwa na miaka 26. Kwao hakurudi tena.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa barabara. Mwaka 1877 alifyeka na watu wake njia kutoka Saadani, pembeni ya bahari, mpaka Mpwapwa, karibu kilomita 370. Yeye mwenyewe alishika shoka na jembe pamoja nao. Watu walimpa jina la Mzungu wa Kazi, na jina likabaki. Kisha alisikia kwamba wenzake wawili wameuawa Ukerewe. Alipofika kusini ya ziwa Victoria mwaka 1878, alikuta vifaa vya misioni vimetupwa kwenye lundo, vina kutu, na mtumbwi wao wa mbao, Daisy, umeoza. Akautengeneza. Njiani dhoruba ikauvunja tena. Basi akakata sehemu ya katikati, akatumia mbao zake kuziba mbele na nyuma, mtumbwi ukawa mfupi lakini ukatembea. Novemba 1878 alifika Buganda.

Pale alifungua atelie: moto na mivukuto, fuawe, jiwe la kunolea la kuzunguka, mashini ya kuchonga chuma. Watu walikuja kutazama kutwa nzima. Alichimba kisima na kuweka pompi, na watu walishangaa kuona maji yanapanda juu. Ndugu yangu mwenye kulala na motopompe ndani ya shimo atacheka kidogo, lakini wakati ule ilikuwa ajabu. Mama wa Mutesa alipokufa mwaka 1882, Mackay alitengenezewa kazi ya masanduku matatu, moja ndani ya lingine, na shaba ya sinia na vyombo vya nyumba ya mfalme ikafuliwa kwa kazi hiyo. Alichonga herufi na kuchapa kurasa za kusomea. Na kwa Kiswahili, lugha yetu hii, ndiyo aliongea kwanza mbele ya Mutesa, juu Kiswahili kilikuwa kinasikilika katika nyumba ya Kabaka.

Lakini Mutesa alitaka nini? Alitaka bunduki. Upande wa kaskazini Wamisri walikuwa wanakaribia, na kandokando kulikuwa maadui wengine. Wamisionari wa kwanza walipofika mwaka 1877, aliwauliza kama wanajua kutengeneza bunduki na baruti. Walijibu kwamba hawakuja kwa kazi hiyo. Mackay naye alikuta swali lile lile linamngojea. Kiwanda cha bunduki hakufungua. Lakini bunduki zilizoharibika zililetwa kwake, na alizirekebisha.

Bunduki zile zilitoka pwani pamoja na wachuuzi wa Zanzibar, zikabadilishwa na pembe na watumwa. Nyingi zilikuwa za zamani, gumegume zenye majeshi ya Ulaya yalikuwa yameacha. Gumegume inawasha baruti kwa cheche za jiwe: resori inasukuma nyundo ndogo, jiwe linakwaruza chuma, cheche inaangukia baruti. Ikipita katika mikono mingi, resori inalegea, kitako cha mbao kinapasuka, tundu la moto linaliwa na kutu mpaka nguvu inatoka pembeni na kumuunguza mwenye kupiga.

Kazi ngumu kuliko zote ni resori. Lazima iwe chuma cha pua. Kinapashwa moto, kinazimishwa kwa maji au mafuta ili kiwe kigumu, kisha kinarudishwa kwenye moto mdogo, polepole. Ukikiacha kigumu kabisa, kinakatika kama kioo. Ukikilegeza sana, kikikunjwa hakirudi. Kila fundi mwenye kunoa mitarimbo na burini zetu anajua siri hiyo: rangi ya chuma ndiyo inasema ni wakati gani wa kukitoa. Hakuna karatasi inafundisha. Jicho ndilo linafundisha.

Na hapa tusidanganyane. Wafua chuma wa Buganda na Bunyoro walijua chuma tangu zamani, mbele ya mzungu kufika. Kwa Mackay walipata vifaa vipya na kazi mpya, na walishika haraka. Lugard, ofisa Mwingereza mwenye alifika Kampala Desemba 1890, aliandika kwa kumsifu fundi mmoja, Kisule, mwenye alijifunza kwa Mackay. Kisule aliweza kutengeneza resori mpya na kurudisha bunduki iliyoharibika. Mafundi wa pale waliweza pia kuchonga kitako kipya, nawe usijue kama hakikutoka Ulaya.

Mutesa alikufa Oktoba 1884. Mtoto wake Mwanga akashika ufalme, kijana mwenye woga wa wageni na wa watu wake mwenyewe. Januari 1885 vijana watatu wa misioni waliuawa. Oktoba mwaka ule askofu Hannington aliuawa Busoga. Mackay alibaki hai. Kwa sehemu kubwa ni mikono yake ilimlinda: Mwanga alihitaji mtu wa kurekebisha vitu vyake, na alipoomba ruhusa ya kuondoka, Mwanga alikawia kumpa.

Ni rahisi kusema basi, ufundi unaokoa. Lakini tuangalie Nuwa Walukaga. Yeye alikuwa mkubwa wa wafua chuma wa mfalme, Muganda, Mkristo. Mikono yake nayo ilikuwa na faida. Tarehe 3 Juni 1886 alichomwa moto Namugongo pamoja na wengine. Fundi mgeni alichungwa kama mali. Fundi wa nchi aliuawa. Sisi wa sendika tunajua hesabu hiyo. Patron anaweza kukuhitaji asubuhi na kukutupa jioni. Kuhitajiwa si kulindwa.

Julai 1887 Mackay alitoka Buganda, akaenda Usambiro, kusini ya ziwa. Mwaka uliofuata vita viliwaka nyuma yake. Mwanga alifukuzwa, Waislamu na Wakristo wakapigana, na Januari 1892 pale Mengo Waprotestanti na Wakatoliki wakapigana wao kwa wao. Ni watu wenye waliketi pamoja, wakasoma pamoja. Bunduki za mji mkuu, zile za zamani na zile mpya, zilipiga pande zote. Resori haina kabila wala dini. Inaruka kwa yeyote mwenye kuvuta.

Mackay hakuona ile ya Mengo, lakini alikuwa ameona ya kutosha. Katika barua zake za Usambiro alisisitiza kwamba njia ya silaha na baruti kuingia bara ifungwe. Yeye mwenye kujua ndani ya bunduki alitaka zipungue. Tarehe 2 Julai 1890, kule Bruxelles, mataifa yalitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa na kupunguza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki nzuri zilikatazwa kwa watu. Gumegume na baruti ya kawaida ziliachiwa nafasi. Wazungu walibaki na bunduki mpya, Mwafrika akaachiwa ya babu.

Mwishoni mwa Agosti 1889 Stanley alifika Usambiro kutoka upande wetu. Alikuta Mackay anaunda mashini ya mvuke ya mashua, chuma kwa chuma, katikati ya pori. Wageni walipumzika karibu majuma matatu, wakaendelea pwani. Yeye alibaki na kazi yake. Malaria ilimkamata, na tarehe 8 Februari 1890 akafa, na mashua haijaisha. Alikuwa na miaka 40. Baadaye mifupa yake ilihamishwa, ikazikwa Namirembe, Kampala.

Huku Djugu, kuanzia Kpandroma mpaka Mongbwalu, tuna Kisule wengi. Wanakaa kandokando ya shimo na mivukuto yao, wananoa mitarimbo, wanaunga nyundo, na siku ya kugawa dhahabu hakuna mtu anaita jina lao. Kijana wa namna hiyo akikosa kazi, kuna mwingine anakuja usiku na bunduki iliyokufa na pesa mkononi. Tunajua miaka yenye tumepita, na hakuna haja ya kuihesabu hapa. Kwa hiyo sendika inaomba kitu kimoja wazi: fundi chuma wa shimo aandikwe kwenye orodha ya wafanyakazi, apate sehemu yake sawa na mchimbaji na mwosha mchanga. Mikono yenye kujua kurudisha resori iko kati yetu. Tuilipe ipate kunoa mitarimbo.