Louis Pasteur na watumikaji wadogo wa ndani ya pipa

Wandugu watumikaji, na ninyi wamama mulioko nyumbani, leo tunaongea juu ya mutu mwenye jina lake liko linajulikana mpaka mu hospitali za mbali. Watu wakisikia Pasteur, wanawaza sindano ya wazimu wa imbwa. Ile sindano ni ya kweli, lakini ilikuja nyuma sana. Mbele yake kulikuwa miaka mingi ya kiwanda, mapipa na harufu ya pombe, na ile njo nataka tuangalie.

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 kule Dole, mashariki ya Ufaransa, akakomalia mu muji mudogo wa Arbois. Baba yake alikuwa mutengenezaji wa ngozi, na zamani alitumika sajini mu jeshi la Napoleon. Haikuwa nyumba ya watajiri. Mu masomo ya kwanza mutoto hakukuwa wa kushangaza. Alipenda sana kuchora sura za watu. Lakini akishika kazi, hakuiachilia. Akafika mu École normale ya Paris, akasoma kemia, ile watoto wetu wanaitaka shimi, na mu mwaka wa 1848 akajulisha jina lake kwa kazi juu ya fuwele za asidi inayopatikana mu mapipa ya divai.

Mu mwaka wa 1854 akatumwa Lille, kaskazini, inchi ya makaa ya mawe na viwanda. Wakamupa uongozi wa chuo kipya cha sayansi. Hakufunga wanafunzi mu darasa tu. Aliwapeleka mu viwanda waone namna kazi inafanyika. Mimi napenda sana pale. Wainjinia wangapi wanajua mashini mu karatasi tu?

Mu 1856, bwana mumoja mwenye kiwanda, jina lake Bigo, akakuja kumuona. Mutoto wake alikuwa anasoma kwa Pasteur. Bigo alikuwa anatosha alkoli mu beteravu, ile muzizi munene wenye sukari, na mapipa yake yalikuwa yanaharibika. Pipa moja linatoka muzuri, la pembeni linageuka kali sawa maziwa ya kulala. Beteravu ni ile ile, watu wa kazi ni wale wale. Kwetu, kazi ikiharibika vile, mara nyingi mutumikaji anapewa kwanza barua ya kuombwa maelezo, mbele hata mukubwa hajaenda kuangalia mashini. Pasteur yeye alienda mu kiwanda, akachota maji ya pipa zuri na ya pipa baya, akayaweka chini ya mikroskopi.

Mu pipa zuri aliona vitu vya mviringo, vidogo sana, vingine vinatoa kichipukizi pembeni na kuzaana. Ni chachu, ile mama anatiaka mu unga wa mukate. Mu pipa baya chachu ilikuwa imepunguka, na pahali pake kulikuwa vijiti vingi, vidogo kushinda chachu. Chachu inakula sukari na kutoa alkoli na ile hewa inayofanya povu. Vijiti vinakula sukari ile ile, lakini vinatoa asidi. Basi mu pipa la Bigo kulikuwa vikundi viwili vinagombania chakula kimoja, na mara kile kibaya kilishinda.

Wamama wanaopika munkoyo wataelewa mbio. Ule ukali muzuri wa munkoyo unatoka kwa ndugu za vile vijiti. Kwa munkoyo tunavitafuta. Kwa alkoli ya Bigo vilikuwa wezi.

Wakubwa wa kemia wa wakati ule hawakutaka kusikia vile. Liebig, Mujerumani mwenye jina kubwa, alisema kuchacha ni kuoza tu: chachu inakufa, inavunjika, na kuvunjika kwake kunavunja sukari. Pasteur akasema hapana, chachu iko hai, na juu iko hai njo maana kazi inafanyika. Akaandika juu ya vile vijiti mu 1857, na mu 1860 akatosha kitabu kirefu juu ya alkoli. Akaonyesha tena kama kuko vidudu vinavyoishi bila hewa kabisa.

Kisha watu wa viwanda wakaendelea kumufuata. Mu 1863, Napoleon wa Tatu akamuomba aangalie divai ya Ufaransa iliyokuwa inaharibika njiani. Pasteur akaona inatosha kuipasha moto, kati ya digri 50 na 60 hivi, bila kuichemusha: vidudu vibaya vinakufa na utamu unabaki. Maziwa mengine ya pakiti na bia nyingi za chupa za siku ya mushahara zinapitia njia ile, na inabeba jina lake.

Nyumbani kulikuwa matanga. Mu watoto wake 5, wasichana 3 walikufa wangali wadogo, 2 kwa tifoide. Mu 1868, akiwa na miaka 45, damu ilimupanda mu kichwa, upande wa kushoto ukalala. Akaendelea kutumika vile vile. Na tuseme ukweli: hakukuwa mukubwa mwepesi. Kule École normale, wanafunzi waliasi mu 1867 na akaacha uongozi. Sindika ingekuwa na mambo mengi ya kuongea naye.

Vita ya 1870 Ufaransa ikashindwa na Ujerumani, na Pasteur akabakia na kasirani. Akaamua kusaidia bia ya kwao ishinde ya Wajerumani. Mu 1871 akafika mu kiwanda cha Whitbread kule London, akaweka chachu yao chini ya mikroskopi, akawaonyesha kama imechanganyika na vidudu vibaya. Muda kidogo nyuma, kiwanda kikanunua mikroskopi yake chenyewe. Kitabu chake juu ya bia kikatoka 1876. Kisha vikafuata chanjo za wanyama, na mu Julai 1885 mutoto Joseph Meister, miaka 9, aliyeumwa na imbwa. Ile mambo munaijua.

Alikufa tarehe 28 Septemba 1895, wakamuzika mu Institut Pasteur ya Paris. Miaka 2 nyuma, Mujerumani Buchner akasaga chachu mpaka ikakufa, akakamua maji yake, na maji yale yakachachisha sukari. Basi Liebig naye hakukosea yote: kazi inafanywa na kitu cha kemia, lakini kile kitu kinatengenezwa na chachu hai.

Sisi watu wa shaba tunaguswa pia. Mu 1947, kule Marekani, walipata mu maji makali ya mugodi wa makaa vidudu vinavyokula chuma na kiberiti na kusaidia kufanya asidi. Pasteur hakuvijua. Vidudu vya namna ile vinayeyusha shaba mu mawe yenye madini kidogo. Kule Kasese, Uganda, tangu 1999 walivitumikisha juu ya masalio ya mugodi wa shaba wa Kilembe, kutosha kobalti. Waliviweka mu matanki makubwa, joto karibu digri 40, wanavipulizia hewa muchana na usiku na kuvipa chakula sawa mbolea. Hewa ikikatika, kazi inalala. Vilitumika vile mpaka ule mulima wa masalio ukaisha.