Mifupa ya padri Wycliffe

Leo tunaeleza maisha ya padri mmoja wa Uingereza, John Wycliffe. Alizaliwa karibu mwaka wa 1330 upande wa Yorkshire, kaskazini ya inchi ile, na alikufa siku ya mwisho ya mwaka 1384. Wengi wanamjua juu ya Biblia tu. Lakini vita yake ilikuwa pia vita ya maneno: mtu wa kawaida atumie neno gani akitaka kusema kwamba anaamini, na nani anampa ruhusa ya kulichunguza neno lile?

Ili kuelewa, lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1066 William, mkubwa wa Normandie, alivuka bahari na kuikamata Uingereza. Toka pale, kwa muda wa karibu miaka 300, inchi ilikuwa na luga tatu zenye kukaa moja juu ya ingine. Kilatini kilikuwa cha Kanisa na cha masomo. Kifaransa kilikuwa cha mfalme, cha mabwana na cha tribinali. Kingereza kilikuwa cha mtu wa shamba, cha fundi na cha mama sokoni. Mwaka wa 1362, Wycliffe akiwa mtu mzima tayari, sheria ilitoka kusema kesi zizungumzwe kwa Kingereza, kwani watu walikuwa wanahukumiwa bila kuelewa kitu. Sheria ile yenyewe, kumbe, iliandikwa kwa Kifaransa! Siye wa Congo hatuwezi kushangaa sana.

Maneno ya dini nayo yalikaa vile, safu juu ya safu. Zamani, mbele ya Normandie, Wangereza walikuwa na maneno yao. Yesu walimwita haelend, maana yake mponyaji. Ubatizo waliuita fulluht. Imani waliiita geleafa, na neno hili lilibadilika pole pole mpaka kuwa bileve. Mzizi wake ni ndugu ya neno lao la kale la kumwita mtu mpenzi. Basi kuamini, katika mdomo wa mababu wale, kulikuwa kukamata kitu kama kitu cha kupendwa. Halafu Kifaransa kiliingia na neno feith, lenye kutoka kwa Kilatini fides. Hili lilikuwa na harufu ingine: uaminifu, ahadi, neno la mtu aliyeapa mbele ya bwana wake na hawezi kulivunja. Katika miaka ya Wycliffe maneno haya mawili yalikuwa yanatembea pamoja. Mtu aliweza kutumia moja ao lingine. Hata Nasadiki, ile sala tunayosema katika Misa, watu waliiita kwa kifupi Bileve, vilevile kama siye tunavyoiita kwa neno lake la kwanza.

Maneno mengine ya Kifaransa yalifika kwa wingi: grace, merci, pardoun, preiere, charite, penaunce. Ukiangalia vizuri utacheka. Zambi ilibaki na jina la kienyeji, synne. Jehanamu vilevile, helle. Lakini neema, huruma na msamaha vilikuja na majina ya luga ya mabwana. Sisemi kwamba mtu alipanga hivyo. Ninasema tu kwamba orodha iko hivyo.

Katika inchi ile ndiyo Wycliffe alikua. Alienda kusoma Oxford, na karibu mwaka wa 1360 alikuwa mkubwa wa Balliol, moja ya makoleji ya universite ile. Mwaka wa 1372 alikuwa daktari wa teolojia. Alifundisha na kuandika kwa Kilatini, na watu wa masomo walimheshimu sana. Mwaka wa 1374 mfalme alimpa parokia ya Lutterworth, na mwaka uleule alimtuma Bruges pamoja na wajumbe wengine, kuzungumza na watu wa Papa juu ya feza ambazo Kanisa lilikuwa linadai Uingereza. Ni kama delege anayetumwa mezani. Mazungumzo hayakuzaa matunda makubwa, lakini Wycliffe alirudi akiwa amejua vizuri namna mambo ya feza na mambo ya Mungu yalivyofungwa kamba moja.

Akaanza kufundisha jambo la hatari: mtu mwenye kukaa katika zambi kubwa hana haki ya kweli ya kutawala wala ya kumiliki mali, na kama Kanisa linatumia mali vibaya, wakubwa wa inchi wanaweza kuinyanganya. Wakubwa wa inchi, unaelewa, walipenda sana fundisho hilo. John wa Gaunt, mtoto wa mfalme, alijifanya mlinzi wake. Mwezi wa pili mwaka 1377 maaskofu walimwita Wycliffe katika kanisa kubwa la Mtakatifu Paulo huko London. Gaunt alimsindikiza, akagombana na askofu wa London, na kikao kilivunjika kwa fujo mbele Wycliffe ahukumiwe. Katika mwaka uleule Papa Gregory XI alituma barua tano za kumpinga.

Mwaka uliofuata Kanisa likapasuka: Papa mmoja Roma, Papa mwingine Avignon, kila mmoja akimfukuza mwenzake. Wycliffe akaongeza moto. Neno chirche, Kanisa, watu walizoea kulitumia kwa kuonyesha Papa, maaskofu na mapadri. Yeye akasema hapana: Kanisa ni wote wale ambao Mungu amewachagua, na hata Papa hawezi kujua hakika kama ni mmoja wao. Neno religioun nalo lilikuwa karibu mali ya watawa. Kuingia religioun kulikuwa kuingia konventi na kuweka nadhiri. Wycliffe akapinga. Kwake yeye dini ya Kristo ni moja, mwenye ndoa na mwenye kulima wako ndani sawa na mtawa. Ninaona hapa ndipo ukubwa wake ulipo, kushinda mambo yake ya mali. Kuna watu walikuwa wamefungia maneno ndani ya nyumba yao, na yeye alifungua mlango.

Karibu na mwaka wa 1380 akagusa Ekaristi. Akakataa fundisho kwamba mkate unaacha kuwa mkate. Hapo marafiki wengi walimkimbia, hata watawa wengine waliokuwa wanamuunga mkono. Mwaka 1381 kamati ya Oxford ikahukumu fundisho lile, na Gaunt mwenyewe akamuomba anyamaze. Hakunyamaza.

Mwaka uleule wa 1381, mwezi wa sita, watu wa mashamba walisimama juu ya kodi ya kichwa. Waliingia London na kumkata kichwa askofu mkuu wa Canterbury, Simon Sudbury. Maadui wa Wycliffe walisema ni mafundisho yake ndiyo yaliyowatia watu wazimu. Siye watu wa sindika tungependa kusema ndiyo, alikuwa wetu. Haikuwa hivyo. Padri aliyekuwa pamoja na waasi ni John Ball, na huyo alikuwa anahubiri miaka mingi mbele jina la Wycliffe lijulikane kwa watu. Wycliffe alitaka mabwana walinyanganye Kanisa mali; hakutaka mlimaji amnyanganye bwana. Uasi ule alisikitika nao, hata kama alielewa kwamba watu walionewa.

Askofu mkuu mpya, William Courtenay, hakupoteza wakati. Mwezi wa tano 1382 alikusanya baraza kule Blackfriars, London. Walipokuwa wamekaa, inchi ilitetemeka. Wengine waliona Mungu amekasirika na baraza. Courtenay akasema inchi inatapika uzushi. Kila mtu alisoma tetemeko kwa faida yake. Mafundisho 24 yakahukumiwa. Wanafunzi wa Wycliffe kule Oxford walibanwa mpaka wengi wakakana. Yeye mwenyewe hakufungwa. Alikuwa ameisha kurudi Lutterworth, na miaka yake ya mwisho aliandika bila kupumzika, hata kisha ugonjwa kumlemaza upande mmoja wa mwili.

Sasa ile Biblia. Watu wanasema Wycliffe alitafsiri Biblia kwa Kingereza. Wataalamu wengi wa leo wanaona kazi ile ilifanywa zaidi na watu waliomzunguka na kumfuata. Yeye alikuwa roho ya kazi. Mmoja wao alikuwa Nicholas Hereford. Katika nakala moja ya zamani kazi inakatika katikati ya kitabu cha Baruku, sura ya 3, na katika nakala ingine kuna maandishi ya kusema kwamba hapo tafsiri ya Nicholas inaishia. Mwaka 1382 alienda Roma kujitetea mbele ya Papa, na Papa akamfunga. Baadaye alitoka, akarudi, akakana mafundisho na akapewa kazi nzuri katika Kanisa.

Tafsiri ya kwanza ilifuata Kilatini neno kwa neno, mpaka Kingereza chenyewe kilikuwa kinachechemea. Miaka michache kisha kifo cha Wycliffe wenzake walitoa ya pili, ya kufuata maana, yenye kusomeka. Na angalia walichagua maneno gani. Hawakujaribu kusafisha luga ili ibaki ile ya mababu peke yake. Kwa imani waliandika feith mara nyingi, neno lenye kutoka Kifaransa, kwa sababu watu walikuwa wameisha kulifanya lao. Kwa kuamini waliandika bileve. Kwa ufufuko waliandika ayenrisyng, maana yake kuinuka tena, neno ambalo mtoto anaelewa bila mwalimu. Luga ya watu ni ile watu wanasema leo, na vipande vyake vya kigeni ndani. Wale wanaotuchekelea juu ya Kiswahili chetu chenye Kifaransa ndani wangefikiri kidogo hapo.

Lakini kuna mahali walishindwa. Walitafsiri kutoka Kilatini, hawakuwa na Kigriki. Pale Yohane Mbatizaji anawaambia watu watubu, wao waliandika kwamba wafanye penaunce. Neno lile lilikuwa limeshikana na kitubio, na malipizi ambayo padri anakupa. Na Wycliffe mwenyewe alikuwa amefundisha kwamba mwenye kujuta kweli moyoni hana lazima ya kuungama kwa padri. Walitoa mlango, wakaacha kufuli. Ni William Tyndale, mwaka 1526, akisoma Kigriki, aliyelibadilisha neno lile.

Haki lazima isemwe pia: Kanisa halikukataza Kingereza chote. Tangu mwaka 1281 mapadri walikuwa na amri ya kueleza watu mambo ya Nasadiki kwa luga yao, mara nne kwa mwaka. Mlimaji alielezwa. Kitu hakupewa ni kitabu chenyewe, ili aone kama alichoelezwa ndicho kilichoandikwa. Kila mtu aliyefanya kazi ya delege anajua tofauti hiyo. Mfanyakazi anaitwa biro, anaelezwa kontra kwa Kiswahili kitamu, kisha anawekewa karatasi ya Kifaransa ya kutia sahihi. Pengine aliyeeleza hakudanganya. Lakini mfanyakazi anatoka pale na maelezo ya mtu, kontra yake hajaijua.

Wafuasi wa Wycliffe waliitwa Lollards, neno la matusi lenye kutoka kwa Kiholanzi, maana yake watu wa kunong'ona. Na kweli ilibidi wanong'one. Mwaka 1401 sheria ya kuchoma wazushi ilitoka, na William Sawtrey, padri, akachomwa mwaka uleule. Mwaka 1409 askofu mkuu Thomas Arundel alitangaza kwamba hakuna mtu wa kutafsiri Maandiko, wala wa kusoma tafsiri zilizofanywa toka wakati wa Wycliffe, bila ruhusa. Watu waliendelea usiku. Huko Norwich, mwaka 1429, mwanamke Margery Baxter alishitakiwa kwamba alimualika jirani aje chumbani kwa siri, ambako bwana yake alikuwa anasoma kitabu kwa sauti. Vitabu viliandikwa kwa mkono na bei yake ilikuwa kubwa. Wengi walikuwa na Injili moja tu, ao vipande. Pamoja na hayo yote, nakala karibu 250, nzima na vipande, ziko mpaka leo. Moja yao, nzuri sana, ilikuwa ya mfalme Henry VI. Huyo hakuna aliyemshitaki.

Wycliffe alipatwa na ugonjwa wa mwisho akiwa katika Misa, kanisani Lutterworth, na siku chache baadaye akafa. Wakamzika kwa heshima ya Kanisa. Miaka 30 ikapita. Tarehe 4 mwezi wa tano 1415, baraza la Konstanz, lile lililomchoma Jan Hus miezi miwili baadaye, likaamuru mifupa ya Wycliffe itolewe katika udongo mtakatifu. Askofu mwenye Lutterworth katika jimbo lake, Lincoln, alikuwa Philip Repingdon. Huyo alikuwa mwanafunzi wa Wycliffe wakati wa Oxford, na alikana mwaka 1382. Aliendelea kuwa askofu miaka minne kisha amri kutoka, na kaburi halikuguswa.

Ni Richard Fleming, aliyefuata nyuma yake, aliyetimiza kazi mwaka 1428, kisha Papa Martin V kusukuma. Walichimba, walichoma mifupa, na majivu wakayatupa katika Swift, mto mdogo wenye kupita karibu na Lutterworth.